Bayana, Yamini na Mkono: Maana za Maneno ya Zamani ya Sheria kuhusu Uthibitisho na Mali

Sheria za nchi yetu zimeandikwa kwa Kifaransa, lakini wengi wa wanaofika mbele ya mahakimu katika majimbo ya mashariki na ya kusini-mashariki hueleza mambo yao kwa Kiswahili. Kati ya lugha hizo mbili husimama mkalimani, naye hana kamusi ya istilahi mezani. Hutumia maneno aliyo nayo kinywani. Akikuta preuve, husema ushahidi. Akikuta témoignage, husema ushahidi tena. Propriété, possession na jouissance, ambayo kwa mwanasheria ni mambo matatu yasiyochanganyikana, yote humwishia katika neno mali, au katika kimilikishi kitupu: ni yake, si yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na inataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa. Sharti hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kuielewa lugha na kulielewa neno la sheria lililomo ndani ya lugha hiyo ni kazi mbili.

Makala haya yanakusudia kupitia maneno machache ya zamani yanayohusu uthibitisho na mali, kueleza yalimaanisha nini pale yalipotumiwa kwa uangalifu, na kuonyesha ni wapi maana hizo zimesogea au zimemong'onyoka. Tumechagua sheria ya madai na kuiacha ya jinai, isipokuwa mahali pamoja tu. Wala hatukusudii kumfundisha mwanasheria kazi yake. Sisi ni watu wa isimu, na kinachotuhusu ni neno.

Maneno yaliyosafiri bila baraza lake

Sehemu kubwa ya msamiati huu ina asili ya Kiarabu, nayo iliingia katika Kiswahili kwa mlango wa baraza la kadhi, katika miji ya pwani kama Lamu, Mombasa na Unguja. Waislamu wengi wa pwani walifuata madhehebu ya Shafii, hali watawala kutoka Omani walikuwa Waibadhi. Kwa hiyo Unguja palikuwa na makadhi wa pande zote mbili. Anayetaka kuona jinsi mwenyeji wa pwani alivyoyaeleza mambo ya desturi na hukumu kwa Kiswahili chake mwenyewe, asome Desturi za Wasuaheli, maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Kwa upande wa kamusi, mwaka 1939 ulikuwa mwaka wa neema: ndio mwaka wa kamusi ya Padre Charles Sacleux huko Paris na ya Frederick Johnson kwa upande wa Waingereza. Kwa kazi kama hii yetu, Sacleux ndiye wa kutegemewa zaidi, maana huonyesha lahaja na asili ya neno pale ambapo Johnson hupita haraka.

Maneno hayo hayakuja Kongo mikononi mwa makadhi. Yalikuja na misafara. Biashara ya pembe iliyofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 iliendeshwa kwa mkopo: mfanyabiashara alichukua nguo na shanga Unguja, akaahidi kulipa pembe baada ya miaka. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipata mkopo wa namna hiyo kwa Taria Topan, na mambo ya madeni hayakosekani katika tawasifu yake, ambayo Heinrich Brode aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1902 na 1903. Mtu wa aina hiyo alibeba pamoja na mizigo yake maneno kama deni, hati, amana, dhamana na rehani. Maneno yakashika mizizi Maniema na kwingineko. Baraza lililoyapa mipaka yake likabaki pwani.

Baadaye serikali ya kikoloni iliunda mahakama za wenyeji kwa dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926, na tangu mwaka 1933 hukumu zao nyingi zilichapishwa Élisabethville katika jarida la Bulletin des juridictions indigènes et du droit coutumier congolais. Jarida hilo ni hazina. Lakini limeandikwa kwa Kifaransa: mwenye shauri alisema lake kwa lugha yake, likaandikwa kwa lugha nyingine, na neno lenyewe alilolitamka likapotea. Hii ndiyo sababu mojawapo kwa nini historia ya istilahi za sheria katika Kiswahili cha Kongo ni ngumu kuiandika.

Shahidi na bayana

Tuanze na neno linalojulikana kuliko yote. Shahidi hukusanya maneno mawili ya Kiarabu ambayo huko asili yake yanatofautiana kwa irabu ndefu tu: shāhid, yaani aliyekuwapo akaona, na shahīd, aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Kiswahili hakitofautishi irabu ndefu na fupi za Kiarabu namna hiyo, basi yote mawili yakawa neno moja. Maana ya msingi ya mzizi huo ni kuhudhuria kwa macho. Shahidi ni yule aliyekuwapo. Aliyesikia kwa mwenzake hakuwapo, na kwa kipimo cha neno lenyewe si shahidi bado, hata kama anasema kweli.

Kutoka katika mzizi huo huo Kiswahili kimepata ushahidi, ushuhuda, shuhudia na shahada. Katika miji yetu ushuhuda umechukuliwa na makanisa: ni maelezo ya mtu juu ya yale Mungu aliyomtendea, na hakuna anayemhoji anapoyatoa. Ushahidi umebaki mahakamani, ambako kila linalosemwa huhojiwa. Mgawanyo huu haukupangwa na taasisi yoyote. Wasemaji wenyewe wameufanya, nao ni mzuri, tungefanya vibaya kuuvuruga. Ama shahada, Tanzania ni cheti cha chuo kikuu. Mwanafunzi anayesubiri karatasi yake kwa miaka, kumbe anachosubiri ni ushahidi wa maandishi kwamba alikuwapo.

Tatizo letu la mwanzo, la preuve na témoignage, lilikuwa na jawabu tangu zamani. Katika lugha ya baraza, kile ambacho mdai anatakiwa kukileta ili dai lake lisimame kiliitwa bayana, kutoka Kiarabu bayyina, kitu kinachoweka jambo wazi. Wanazuoni wengi waliichukulia bayana kuwa ni mashahidi hasa. Lakini Ibn Qayyim al-Jawziyya, aliyefariki mwaka 1350, alishikilia kwamba bayana ni kila kinachoidhihirisha haki, kiwe shahidi, maandishi au dalili. Kwa ufafanuzi huo bayana ni jumla, na ushahidi ni fungu mojawapo ndani yake. Hivi ndivyo ilivyo kwa Kifaransa: preuve ni jumla, témoignage ni fungu.

Leo bayana kwa wasemaji wengi ni kivumishi au kielezi: jambo bayana, kuweka bayana, na vitenzi bainika na bainisha viko karibu nayo. Umbo la nomino lenye maana ya kisheria limo katika kamusi, lakini halimo vinywani. Ndugu zake nao wamehama. Hoja, ambayo kwa Kiarabu ni ḥujja na huweza kuwa hati inayothibitisha haki ya mtu, kwa Kiswahili imekuwa maneno ya kujenga jambo, na bungeni imekuwa pendekezo la kujadiliwa. Dalili, iliyokuwa uthibitisho wa kumwongoza mtu kwenye kweli, imepungua nguvu hadi kuwa ishara: dalili ya mvua, dalili ya ugonjwa. Ithibati, ambayo ni kuthibitisha kwenyewe, Tanzania sasa hutumika sana kwa ruhusa rasmi ambayo vyuo au watu wa taaluma fulani hupewa baada ya kukaguliwa. Ni nadra kuona familia nzima ya maneno ikisogea kwa pamoja hivyo, na sababu yake, kwa maoni yetu, ni ile tuliyokwisha kuitaja: neno lililoachana na baraza lake halina wa kulirudisha kwenye mipaka yake.

Kwa kazi ya mahakama tungependekeza uthibitisho kwa preuve, neno ambalo kila msikilizaji atalielewa, na bayana ibaki kwa mwandishi anayetaka kueleza sheria ya zamani. Lakini ushahidi utumike pale tu mtu anaposimama na kusema aliyoyaona.

Jambo jingine lisisahaulike. Baraza la zamani lilimpima shahidi mwenyewe kabla ya kuyapima maneno yake. Alitakiwa awe ʿadl, mtu mnyofu wa mwenendo unaojulikana, na kutoka hapo Kiswahili kimepata adili na uadilifu. Katika mambo ya mali walihitajika wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, kama ilivyo katika aya ya 282 ya sura ya Baqara, ambayo inahusu kuandika madeni. Sheria ya Kongo haihesabu hivyo. Ina kipimo kingine: dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano hutaka maandishi kwa kila jambo lenye thamani inayozidi kiasi fulani, na hairuhusu mashahidi wasimame kupinga yaliyoandikwa. Mzee anayekuja na watu wanne walioona fedha ikitoka mkono huu kwenda mkono huu, akaambiwa hana uthibitisho, hukasirika kwa haki yake. Kwake mashahidi ndio uthibitisho wenyewe. Mkalimani aliyemwambia kwa kifupi «huna ushahidi», hali mashahidi wanne wamekaa pale benchini, amemfanya aone mahakama ni kipofu au imenunuliwa. Angemwambia: ushahidi unao, lakini kwa jambo la kiasi hiki sheria inataka karatasi.

Mdai, mdaiwa, mwiwa

Kanuni iliyosimamisha mabaraza ya kadhi ni kwamba mdai ndiye wa kuleta bayana, na mwenye kukana hula yamini. Ili kanuni hiyo ifanye kazi lazima kwanza ijulikane nani ni mdai, na wanazuoni hawakuridhika kusema kwamba ni yule aliyetangulia kufika. Mdai ni yule ambaye maneno yake yanapingana na hali inayoonekana. Mtu anayekaa katika nyumba, hali inayoonekana iko upande wake. Anayesema nyumba ile si yake ndiye mwenye mzigo.

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Dai na deni yanafanana kwa sauti, lakini mizizi yake ni tofauti: dai linatoka katika kuita na kudai haki, deni linatoka katika mkopo. Kwa sababu ya kufanana huko, na kwa kuwa madai mengi ni ya fedha, mdaiwa amekuwa na maana mbili: aliyeitwa barazani kujibu, na mwenye deni. Fikiri mtu asiyedaiwa hata senti moja anaposikia jina lake likisomwa kwamba yeye ndiye mdaiwa. Ameshahukumiwa kabla ya kufungua kinywa. Kiswahili cha zamani kilikuwa na jozi ya kuondoa utata huu, nayo ni ya Kibantu: mwia, mwenye kudai fedha zake, na mwiwa, mwenye deni, kutoka kitenzi wia. Jozi hiyo sasa huonekana katika kamusi na katika maandishi ya zamani tu. Hatuna tumaini kwamba itafufuka, kwa kuwa maneno mafupi yenye irabu nyingi huchakaa upesi. Ndiyo maana tunaona afadhali mahakamani kutumia mlalamikaji na mlalamikiwa, na kuliacha neno mdaiwa kwa mwenye deni peke yake.

Tuongeze jambo dogo ambalo wanafunzi wetu hulipenda. Kukiri ni neno la Kiarabu, kutoka iqrār, na kamusi zinalo pia ikirari, yaani tamko lenyewe la kukiri. Kukana ni neno la Kibantu, na jirani zetu wasemao Kibemba wana kaana, kukataa. Lugha iliazima neno la kukubali na kubaki na lake la kukataa.

Kiapo na yamini

Dekreti ya mwaka 1888, kwa kufuata kanuni ya Kifaransa ya mwaka 1804, inataja njia tano za kuthibitisha: maandishi, mashahidi, makisio, kukiri na kiapo. Nne za kwanza hazisumbui sana. Ya tano inataka uangalifu.

Kiapo linatokana na apa, kitenzi cha Kibantu ambacho ndugu yake katika Kibemba ni lapa. Kamusi za zamani zinakipa kiapo maana mbili pamoja: maneno ya kuapa, na jaribio la kumpima mtu kwa moto, kwa chuma au kwa kitu cha kumeza. Yawezekana ndiyo maana Kiswahili husema kula kiapo. Katika nchi za ndani, kutoka Katanga hadi Malawi, jaribio lililojulikana kuliko yote lilikuwa mwavi, au mwafi, sumu ya gamba la mti ambayo mshukiwa aliinywa: akitapika ameokoka na amesafika, akifa amejishuhudia mwenyewe. Hapa ndipo mahali pamoja tunapogusa jinai, maana kanuni ya adhabu ya tarehe 30 Januari 1940 inayaadhibu majaribio ya namna hiyo. Lakini sheria hupiga marufuku tendo. Haiwezi kulisafisha neno kwa siku moja. Kwa mtu wa umri fulani, kuambiwa ale kiapo ni kuambiwa aweke mwili wake rehani.

Yamini ni jambo jingine. Kwa Kiarabu ni mkono wa kulia, kisha kiapo kinachotolewa kwa mkono huo. Katika baraza haikuwa nyongeza ya ushahidi. Iliingia pale tu ushahidi ulipokosekana: mdai hana bayana, basi mwenye kukana ataapa na dai litaanguka. Akikataa kuapa, Washafii humrudishia mdai yamini ili aape yeye na kupewa haki. Msomaji aliyesoma sheria atakuwa ameshaanza kutabasamu, kwa sababu serment décisoire ya kanuni yetu huenda kwa hatua hizo hizo. Mmoja humtaka mwenzake aape. Mwenzake anaweza kuapa, au kukirudisha kiapo kwa aliyemtaka. Na anayekataa yote mawili hushindwa. Mifumo miwili isiyo na uhusiano wa karibu imefika penye kizingiti kimoja, na Kiswahili kina neno la kizingiti hicho. Kwa hiyo tungesema: shahidi na mkalimani hula kiapo, mwenye shauri hula yamini. Anayekula kiapo huahidi kusema kweli. Anayekula yamini hulimaliza shauri.

Mkono, milki na manufaa

Tumefika kwenye mali, na hapa tutakaa zaidi, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Mali ni kila kitu chenye thamani. Halisemi nani anacho wala anacho kwa namna gani. Kibantu kwa asili hueleza kuwa na kitu kwa kuwa pamoja nacho: nina nyumba, niko na nyumba. Kina pia -enye, na katika Kiswahili cha zamani mwinyi alikuwa mwenye nchi au mwenye cheo, kama Mwinyi Mkuu wa Unguja. Kibemba na Kiluba cha Katanga vina mwine kwa maana iyo hiyo ya mwenyewe. Lakini mwenye nyumba aweza kuwa aliyeijenga, aliyeipanga au aliyeachiwa ailinde. Katika mazungumzo haidhuru. Mahakamani inadhuru.

Lugha ya baraza ilitenganisha mambo matatu. La kwanza ni mkono, kwa Kiarabu yad: kitu kiko mkononi mwa fulani. Mkono hauonyeshi haki. Unaonyesha hali, nayo hali humlinda aliye nacho mpaka mwingine alete bayana. Kiswahili kingali kinasema hivyo kila siku, mali iliyo mkononi mwake, ila hakuna anayekumbuka kwamba hapo amesema neno la sheria. Hii ndiyo possession. La pili ni milki, haki yenyewe juu ya kitu, ambayo haipotei hata kitu kikiwa mkononi mwa mtu mwingine. La tatu ni manufaa, kwa Kiarabu manfaʿa, yaani faida inayotoka katika kitu bila kukigusa kitu chenyewe: kukaa ndani ya nyumba, kuchuma matunda, kupokea kodi. Kitu chenyewe, kikitenganishwa na manufaa yake, wanasheria wa Kiarabu hukiita raqaba, neno lenye maana ya shingo; kwa Kiswahili tunaona linafaa neno shina, kwa kuwa manufaa ni matunda.

Amana huonyesha mgawanyo huu kwa urahisi. Aliyewekewa amana ana mkono, hana milki wala manufaa. Kitu kikipotea bila uzembe wake, hakilipi, na neno lake pamoja na yamini hukubaliwa. Amana, imani na amini ni mzizi mmoja. Rehani ni kinyume kidogo: mkopeshaji ana mkono kwa ajili ya deni lake, lakini milki inabaki kwa mkopaji.

Sasa tuchukue mjane. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na inampa mwenzi aliyebaki usufruit ya nyumba waliyoishi pamoja na vyombo vyake. Usufruit ni manufaa bila shina. Mjane huyo anasimama mbele ya ndugu za marehemu wanaotaka aondoke. Anauliza: nyumba ni yangu au si yangu? Mkalimani, kwa nia njema kabisa, akijua kwamba milki imekwenda kwa watoto, humjibu: si yako. Neno hilo ni sahihi kwa milki, na ni uongo kwa manufaa. Mama anatoka, anafunga vitu vyake, na ndugu za marehemu wanaingia, nao pengine hawana milki, hawana manufaa, na hata mkono hawakuwa nao. Jibu la kweli lingekuwa: shina ni la watoto, manufaa ni yako, kaa. Maneno manane, na yote alikuwa anayajua.

Katika mifano yote ya makala haya, huu ndio unaotufanya tuamini kwamba kazi ya istilahi si anasa ya wasomi. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji karatasi moja ya kurasa mbili tatu mbele ya kila mkalimani.

Mauzo yenye mlango wa kurudia

Neno moja la pwani halikufika kwetu, nalo linastahili kuelezwa kwa sababu jambo lake tunalo. Unguja palikuwa na bei kata, mauzo yaliyokwisha, na bei ya khiyari, mauzo ambayo muuzaji alibaki na hiari ya kukirudisha kitu chake akirudisha fedha. Khiyari hiyo ndiyo hiari tunayoisema leo. Kwa sura yalikuwa mauzo. Kwa kazi yake yalikuwa mkopo, maana riba imekatazwa, na mkopeshaji alipata faida yake katika manufaa ya shamba au nyumba, mara nyingi kwa kumpangisha muuzaji yule yule. Thomas McDow, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya madeni na safari katika Bahari ya Hindi, ameonyesha jinsi mikataba ya namna hiyo ilivyohusiana na fedha zilizokwenda bara.

Mtu anayempa mwenzake nyumba yake akisema «ninakuuzia, nikipata fedha nitaichukua tena» amefanya bei ya khiyari bila kujua jina lake. Karatasi ikiandikwa kwamba ameuza, basi, mlango wa kurudia umefungwa, na mashahidi wa ile ahadi ya mdomo watagonga ukuta wa dekreti ya mwaka 1888. Afadhali mwandishi wa karatasi amwulize kwanza: unauza kata, au unauza kwa khiyari?

Lupango na shina lake

Neno hati linatoka Kiarabu khaṭṭ, mstari, kisha mwandiko wa mkono. Makadhi wengi hawakuuamini mwandiko peke yake, kwa kuwa mwandiko huigwa. Hati ilisimama kwa mashahidi waliotajwa ndani yake. Sheria yetu ya ardhi imegeuza uzito huo. Kwa sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, haki juu ya kiwanja huthibitishwa na certificat d'enregistrement, ambayo baada ya miaka 2 haishambuliwi tena. Fiche parcellaire ambayo watu wengi mjini huitunza sandukuni haina nguvu hiyo. Vyote viwili, kwa Kiswahili cha mitaani, ni karatasi ya lupango. Tofauti ya vyeo vya karatasi hizo mbili haina neno, na mnunuzi hulipa kwa kukosekana kwa neno hilo. Hati ya usajili kwa ile ya kwanza, na fishi ya kiwanja kwa ya pili, yangetosha.

Lakini hata mwenye hati ya usajili, je, ana milki ya lupango wake? Sheria hiyo hiyo inasema kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, usiouzika na usiopotea kwa kupita miaka. Anachopewa raia ni concession perpétuelle, haki ya kunufaika na kiwanja bila mwisho. Kwa lugha ya baraza, hayo ni manufaa yasiyo na muda. Shina liko kwa Serikali. Nyumba iliyojengwa juu yake ni ya mtu, naye anaimiliki mbali na udongo, ikiwa imeandikwa katika hati hiyo. Kwa Mswahili wa pwani jambo hilo halishangazi: huko mnazi aweza kuwa wa mmoja na ardhi uliposimama ikawa ya mwingine, na John Middleton aliyaandika hayo kuhusu Unguja na Pemba mwaka 1961. Aliyepanda ana mti.

Kwa hiyo Tanzania wanaposema hatimiliki, nasi tunashawishika kuliazima neno hilo kwa certificat d'enregistrement, tukumbuke kwamba ardhi ya huko nayo ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kwamba neno linaahidi zaidi ya linachotoa. Tangu mwaka 2021 Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na istilahi zake zitatufikia kwa wingi kuliko zamani, nyingine zikiwa zimekwisha kukomaa. Hili tungelikataa. Mnunuzi wa lupango aambiwe anachonunua: nyumba kwa milki, udongo kwa manufaa, na hati ya usajili ikiwa na jina lake mwenyewe.